Meno ya Baba na Bendi ya Nairobi

Enzi zetu kule Kangundo, watoto wa nyumba nyingine walikatazwa kucheza na moto. Sisi tulikatazwa kucheza karibu na mdomo wa Baba. Baba alikuwa mpiga tarumbeta wa jazi, na mpiga tarumbeta akivunjika meno ya mbele amevunjika kazi, kwa hiyo meno yake yalitunzwa kuliko ng'ombe wa maziwa. Alikatiwa muwa vipande vidogo kama mgonjwa. Alipukuchuliwa mahindi ya kuchoma, punje moja moja. Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama, hakuchoka kutukumbusha: "Mnavaa viatu kwa sababu ya hayo meno. Myaheshimu."

Baada ya chakula cha mchana Baba aliteremka kwenye mibuni, akasimama akiutazama mlima wa Kyanzavi, akapuliza. Mkono wa kushoto ulishika nusu ya kibuyu, akaufunika na kuufunua mdomo wa tarumbeta hadi ikanung'unika kama mtu aliyenyimwa chai. Jirani alilalamika kwamba kuku wake wameacha kutaga. Baba alimjibu kwa heshima kwamba kuku hao hawana sikio la muziki. Enzi hizo kila bendi ya magitaa ilijiita Jazz, na jambo hilo lilimuudhi kuliko ukame.

Kisha ikaja barua. Bendi ya hoteli moja kubwa Nairobi ilihitaji mpiga tarumbeta, na watu wawili wangekuja nyumbani Jumapili kumsikiliza. Nafasi hiyo Baba alikuwa ameingoja tangu alipokuwa kijana katika bendi ya kanisa. Aliipiga pasi suti yake Alhamisi, akaipiga tena Ijumaa.

Jumamosi Mwaitu alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe. Kazi ya kupepeta kwa uteo, ule ungo wetu, na kutoa vijiwe ilikuwa yangu. Wenzangu walikuwa nje wanaruka kamba, nami nilichagua mahindi kwa jicho moja, lile lingine likihesabu zamu yangu.

Mezani tukasikia ka! Baba alitoa mdomoni kijiwe na nusu ya jino la mbele, akavipanga kando kando ya sahani. "Haya," alisema, akaendelea kula kwa upande wa kushoto.

Wageni walikuja. Baba alipiga tarumbeta ameipeleka pembeni mwa mdomo, na kila alipopanda noti za juu, upepo ulimvuja. Mgeni mmoja alimsifu Mwaitu kwa kuku. Mwingine alisema wataandika. Mpaka leo posta haijatuletea kitu.

Baba alijifunza upya kupuliza kwa pembeni, ikamchukua miaka miwili. Alipiga kwenye harusi na matanga kuanzia Tala hadi Muthetheni, na watu walilia kote kote, hata harusini. Lakini Nairobi hakuitwa tena.

Siri ya uteo niliibeba mpaka nikaota mvi. Mwezi uliopita nikaona Baba amezeeka sana, nikaogopa kuchelewa. Nikamkuta anakula, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ni wa tano," akasema.

"Wa tano aje, Baba?"

"Mama yako ndio alianza, Jumapili hiyo hiyo. Ati hakuosha mahindi vizuri. Halafu ndugu yako, ati aliyamwaga chini akayarudisha. Halafu dada zako wawili, kila mtu na yake."

"Na mbona hukutuambia?"

"Kila mtu kwa hii nyumba alikuwa ananiwekea nyama laini. Ningesema nini?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona si ya kicheko tena. Nikamuuliza kama ile kazi angeipata. Alitafuna polepole, akameza.

"Ningepata," akasema. "Nilikuwa mzuri."

Siku hizi muthokoi unauzwa kwenye pakiti, umechaguliwa tayari, na mimi pia naununua. Mwanangu anaishi Syokimau na tarumbeta yake ni programu iliyo ndani ya simu. Anaibonyeza kwa kidole gumba, amelala kwenye kochi, huku anakula karanga za kukaanga, na noti za juu zinatoka safi bila kuvuja. Namwambia ni nzuri, maana ni nzuri kweli. Lakini moyo unaniuma, kwa sababu aliyeweza kuzipiga hivyo kwa pumzi yake mwenyewe yuko Kangundo, na watu wa Nairobi walimsikia siku moja tu, siku mbaya.