Kiti cha Juu ya Gurudumu

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na Spana aliundwa na baba yake. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake kwa sababu spana haimtoki mkononi. Hata harusini, nina hakika huificha mkobani.

Baba mtu alifungua gereji ya matairi akaiwekea sheria moja: fundi akifunga tairi, gari likienda kujaribiwa naye apande, akae kiti cha juu ya gurudumu lile lile. "Kama unaogopa kulikalia, usimfungie mwenzako." Spana amekalia kazi yake miaka nenda miaka rudi, wala hajawahi kuteremka na aibu.

Mzee alistaafu akamwachia Spana kazi, ingawa hakuacha kusema "gereji yangu". Akanunua basi kuukuu, akaligeuza nyumba ya kusafiria: kitanda, jiko, tangi la maji, na mapazia ya mama. Miaka ikapita akipigilia makabati, basi limesimama uani juani. Siku ya safari majirani wakajaa getini kuwaaga. Matairi yaling'aa kwa rangi nyeusi aliyoyapaka mwenyewe.

Spana akapiga magoti, akabonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba. Chini ya rangi, mpira ulikuwa nyufa tupu.

"Baba, haya yamekufa."

"Yamekufa vipi? Tazama meno yalivyosimama! Hayajatembea hata."

"Ndiyo maana. Yamebeba nyumba nzima, jua linayachoma. Yamezeeka hapo hapo."

"Kama mwenyewe," mama akadakia dirishani. Majirani wakaangua kicheko.

Mzee hakucheka. "Leo unanifundisha kazi niliyokufundisha mimi?"

Maneno hayo yalimchoma Spana. Alikuwa hajawahi kumpinga baba yake mbele za watu. Lakini ndani ya basi lile alikuwemo mama yake pia, na tairi likipasuka njiani halichagui.

"Safari njema, baba. Ila mimi juu ya gurudumu hili sikai."

Mzee akainama taratibu, magoti yakimlalamikia, akabonyeza na yeye. Akabonyeza tena. Kisha akawageukia majirani. "Nendeni nyumbani. Leo hatusafiri."

Wiki iliyofuata Spana alifunga matairi mapya. Alilipeleka basi kupimwa uzito likiwa limejaa kila kitu, maji na vyombo, ndipo akajua upepo wa kutia, akautia asubuhi matairi yakiwa baridi. Kisha akapanda, akakaa mahali pake.

"Shuka," baba akasema.

"Na sheria je?"

"Ile niliwawekea mafundi ninaowatilia shaka. Wewe shuka, ukaangalie gereji yako."

Spana alishuka akiwa hajui acheke au alie, akafanya yote mawili.

"Mkishatembea kidogo, simama ukaze nati tena!" akapiga kelele.

Baba yake akajibu kwa honi, akaipiga mpaka mwisho wa mtaa. Spana akaifuta spana yake, akaenda kufungua gereji yake.