Mama mkwe, friza ya Werugha na hamira iliyokataa kufa kwa baridi

Wakuu, habari za huko mliko. Leo sina siasa wala mechi. Naleta kisa changu mwenyewe, na sitakipaka sukari, kwa sababu sehemu kubwa ya ujinga uliomo humu ni wangu.

Mimi ni mwokaji hapa Voi. Mkate, skonsi, mandazi ya asubuhi. Nina oven moja, mke mmoja na mdomo mkubwa. Huo mdomo ndio ulioanzisha mambo.

Kishushe, kijiji cha huku kwetu Taita, hakuna bekari. Mkate unafika siku gari likipatikana, na ile barabara mnaijua. Ukishuka, mkate ushakuwa chapati.

Nikajitapa kwamba nitapeleka donge la unga lililogandishwa, mwenye duka awe anaoka skonsi moto kila asubuhi.

Mwenye duka ni Mwakio, mjomba wa mke wangu. Ana friza ya soda na oven ndogo ya gesi. Ila mimi hakuniamini hata kidogo. Aliyenidhamini ni mama mkwe wangu wa Werugha kule milimani, ambaye ni dada yake. Alimpigia simu mbele yangu, akamwambia, "Huyu ni mtoto wangu. Akisema mkate, ni mkate."

Kumbukeni hilo neno. Kuanzia hapo, donge likilala, jina la mama ndilo limelala.

Donge likalala.

Zile skonsi za kwanza hazikuumuka hata kidogo. Huko Kishushe watu wanatafuta madini, kwa hivyo mjomba alituma ujumbe kwamba mawe wanayo ya kutosha, na ya kwao angalau yana chuma.

Nikaongeza hamira mara mbili. Yakatoka mawe yenye harufu ya hamira.

Wakati huohuo mradi fulani ukaleta semina hapa mjini. Siku mbili za cold chain na value addition, yaani kutunza bidhaa kwa baridi na kuziongezea thamani. Projekta, kalamu, cheti, kuku. Nikainua mkono nikamuuliza mtaalamu kwa nini hamira inakufa kwenye friza. Akasema ni swali zuri sana, tutalirudia baada ya chai.

Nadhani hiyo chai bado inaendelea.

Nikapanda Werugha kumwomba mama msamaha. Nikamkuta na friza kubwa sebuleni. Mradi mwingine ulikuwa umeitoa kwa kikundi chao cha akina mama kwa ajili ya maziwa, lakini maziwa ya Werugha huisha kabla ya saa mbili asubuhi. Kwa hivyo ikavalishwa kitambaa cha krosheti, juu ikawekwa redio.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hiyo hamira unaigandisha ikiwa imelala ama imeamka?"

Nikamwambia donge nalikanda, naliacha karibu na oven liumuke vizuri, ndipo naliweka kwenye baridi. Kama mwokaji yeyote mwenye akili.

"Kwa hivyo unamwamsha mtu, unamlisha, anatoka jasho, halafu unamtupa nje kwa ukungu. Hata wewe ungekufa, Baba Mkamburi."

Akauliza tena, "Na zile hamira zenye hazikufa, unazifanyia nini?"

"Natupa donge lote, mama."

Alinitazama kama mtu aliyeniona nikilisha mbuzi mbegu. Akaniletea maharagwe yaliyokuwa yakikaushwa juu ya moshi. Yalitoka kwenye mashina machache yaliyovumilia baridi ya mwaka mbaya, na ndiyo anayopanda mpaka leo. "Mbegu unachukua kwa aliyepona," akasema.

Wakuu, mimi nina cheti. Yeye ana maharagwe.

Tukaanza. Donge linakandwa kwa maji baridi na kugandishwa upesi, kabla halijaumuka. Baada ya siku kadhaa linayeyushwa. Kile kipande kinachoamka upesi kinakatwa, kinalishwa unga na sukari kidogo, kinaongezeka, kisha kinarudishwa kwenye friza. Vivivu vinakwenda kwa kuku. Hivyo hivyo, raundi baada ya raundi.

Sasa kwa heshima, mimi siingii jikoni kwa mama mkwe. Kwa hivyo mtafiti mkuu alikuwa ndani na mimi nilikuwa mlangoni, nikitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyafuata.

Stima nayo ilitusaidia. Ilikuwa ikipotea na kurudi ipendavyo, donge likayeyuka na kuganda lenyewe. Mahali pengine kazi hiyo wanainunulia mashine. Sisi tuliihesabu kuwa raundi.

Miezi ikapita. Skonsi za majaribio zikaanza kunyanyua vichwa. Mama akampigia mjomba simu tena, akamwomba nafasi moja ya mwisho: chai ya harusi ya binti wa mjomba, Jumamosi, ukoo mzima ukiwepo. Mjomba akakubali, akasema zikilala tena asisikie habari zangu mpaka azikwe.

Jumatatu nikashuka Voi na mbegu yetu kwenye mkebe wa ice cream. Nikauweka kwenye friza. Mke wangu Wakesho sikumwambia ni nini, eti siri ya biashara. Mdomo huu wote, na siku moja uliyohitajika ndiyo siku niliyoufunga.

Jumanne, simu. Wale wa semina wamesikia, wako njiani na kamera kuja kuona hamira ya wenyeji.

Nikazunguka maduka saa mbili nzima kutafuta majani ya chai. Nikarudi nikakuta wageni wameketi, sinia la mandazi limewekwa mbele yao, limefura kama mashavu ya mtoto mchanga. Nyumbani kwetu mgeni haondoki bila kutia kitu mdomoni, na Wakesho alitazama huku na huku akaona hakuna kitu.

Mtaalamu alikula manne. Akapangusa mikono akasema, "Sasa, hiyo hamira yenyewe iko wapi?"

Nikaingia jikoni. Mkebe wa ice cream ulikuwa umeoshwa, umeinamishwa kwenye karai ukauke.

Sikumlaumu Wakesho. Ningeanzia wapi? Ni Mkenya gani aliyewahi kukuta ice cream, ama kitu cha maana, kwenye mkebe wa ice cream?

Jumatano nilipanda Werugha. Sikuhofia biashara. Nilihofia yule mama kusimama mbele ya ukoo wake na kuchekwa kwa sababu yangu. Nikasimama pale mlangoni pangu nikamwambia yote.

Akauliza, "Ziliumuka?"

"Ziliumuka sana, mama."

Akatoa redio, akakunja krosheti, akafungua friza, akatoa mkebe mwingine. "Kila nikikukatia yako nilikuwa nabakisha. Mbegu haitoki yote nyumbani, hata kwa mkwe. Sana sana kwa mkwe."

Nililia, nisiwadanganye.

Jumamosi, Kishushe, skonsi zilisimama wima. Mjomba Mwakio alikata moja, akatafuna pole pole, akamgeukia dada yake watu wakisikia. "Mtoto wako anajua mkate." Mama akarekebisha leso yake.

Juzi ripoti ya mradi ilitumwa kwenye simu. Picha ya sinia, na maelezo kwamba wananchi wamefundishwa kuboresha hamira. Nikampelekea mama aione. Akatafuta jina lake mpaka mwisho, hakuliona, akanirudishia simu.

"Wao wamekula mandazi," akasema. "Mbegu ninayo."

Funzo langu ni hilo, sina la kuongeza. Wenye uzoefu na donge la kugandisha karibuni mnikosoe. Wale wa kubisha pia karibuni, ila kwanza nendeni mkafungue ule mkebe wa ice cream ulio kwenye friza zenu, halafu mje mseme mmekuta nini.