Mhunzi wa Marani na Giaboksi ya Lori la Kahawa

Obwocha wa Marani alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi. Jembe lake lilitafutwa hadi upande wa Nyamira. Lakini kufikia mwaka wa 1952 watu walikuwa wakinunua majembe ya dukani, na mvukuto wake ulipulizwa mara moja kwa wiki, pengine kwa ajili ya kisu kimoja tu. Siku nyingine alilima mahindi. Alilima vizuri, ila bila raha.

Mwaka huo wakulima wa kahawa wa Marani walikuwa na lori kuukuu la dizeli, ambalo zamani lilikuwa basi. Gia zake zilikuwa za ajabu. Dereva alichagua gia kwa kijiti kidogo chini ya usukani, akakanyaga pedali mara moja, na giaboksi ikamaliza kazi yenyewe. Dereva huyo, Okeyo, mtu wa kutoka ziwani, hakumruhusu mwingine yeyote kuligusa.

Asubuhi moja lilishindwa kupanda kilima kutoka mtoni. Lilikuwa limejaa magunia ya kahawa. Injini ilinguruma, magurudumu yakatulia tuli. Makanika akaja kutoka mjini, akafungua, akahangaika na koleo, kisha akasema giaboksi itupwe, itafutwe ya kawaida. Msimu mzima ungepita kabla ya kupatikana.

Okeyo akaenda kwa Obwocha kutaka kulabu ya kulivutia lori. Obwocha aliifua, akaipeleka mwenyewe, kisha akaomba aone ndani.

"Mzee, wewe ni mhunzi," Okeyo akasema. "Hii ni mashine."

"Ni chuma. Hebu fungua."

Alikuta ngoma kadhaa za chuma, kila moja imekumbatiwa na mkanda wake. Kila gia na mkanda wake. Kwa siku mbili Obwocha alilala chali chini ya lori huku Okeyo akikanyaga pedali na kuiachia. Mwishowe akaelewa: mkanda ukibana, ngoma husimama, nguvu ya injini hupita hadi magurudumuni, na lori huenda. Mkanda wa gia ya pili, ile ya kupandia kilima, ulikuwa umelegea. Uligusa ngoma bila kuishika.

Ulikuwa na nati ya kuukazia, lakini koleo la makanika lilikuwa limekwangua pembe zake zote. Obwocha akarudi nyumbani, akawasha moto, akafua spana ya kuishika nati ile na si nyingine.

Akakaza mpaka mkono ukagoma. Lori likaondoka, na katikati ya kilima likaanza kutoa moshi wenye harufu ya kuungua. Wanawake mashambani wakainua vichwa.

"Kosa ni langu," Obwocha akasema kabla hajaulizwa. "Nimeunyonga mkanda. Haupati nafasi ya kuachia."

Okeyo akazima injini. "Basi tuulegeze, mzee."

Wakangoja chuma kipoe, wakamwaga oili iliyoungua, wakatia mpya. Safari hii Obwocha aliilegeza nati kwanza, akaiwekea alama ya chokaa, akaikaza robo ya mzunguko tu, akabandika kiganja juu ya giaboksi. "Kanyaga. Achia. Kanyaga tena." Akaongeza robo nyingine. Mara ya tano kiganja kilimwambia kwamba mkanda unashika wote na kuachia wote. Hapo akaweka spana chini.

Lori lilipanda na magunia yake yote. Okeyo alichagua gia ya pili, akakanyaga mara moja, na likaenda bila kusita hadi juu. Huko alishuka, akamshika Obwocha mkono kwa mikono miwili, ingawa yote minne ilikuwa imejaa oili.

Wiki iliyofuata makanika wa mjini alikuja kuomba spana kama ile.

"Nitakufulia," Obwocha alimwambia. "Lakini kwanza lala hapa chini uone inavyofanya kazi."

Tangu hapo alipima oili ya lori kila mwezi na kurekebisha mikanda kila msimu ulipoanza. Mwaka wa 1955 lori jingine la aina ile lilivutwa kutoka Kisumu hadi Marani, na dereva wake akauliza njiani kwa fundi Obwocha ni wapi. Obwocha aliposikia, alivaa koti lake la Sabato, ingawa ilikuwa Jumanne, akatoka hadi barabarani kumpokea mgeni. Alilivua tu alipokuwa tayari kuingia chini ya lori, akampa mkewe Nyaboke alishike.