Stika ya Mlango wa Dereva

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye yadi ya kuuza trela mjini Lewisville, mwaka 2017, mkuu wa karakana alinipeleka kwenye pikapu iliyoegeshwa uani, akafungua mlango wa dereva, akaniambia nisome. Nilikuwa na shahada ya uhandisi ambayo hakuna ofisi ya mji wa Plano, Texas, iliyoitaka, nikadhani ananidharau.

"Stika hiyo," alisema. "Tangazo linakwambia gari linavuta kiasi gani. Stika inakwambia linabeba kiasi gani. Watu huuliza la kwanza, wakafa kwa la pili."

Ninyi mnaofika Texas sasa na kutamani trela za kulala, nyumba zile za magurudumu, lieleweni hilo. Trela haivutwi tu. Pua yake hukandamiza ndoano iliyo nyuma ya gari, kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au zaidi. Mkandamizo huo ni mzigo wa gari, pamoja na abiria na kila sufuria. Jumla ikizidi stika, gari hukaa kitako, magurudumu ya mbele hukosa mshiko, na trela ndiyo humwendesha dereva.

Baada ya mwaka mmoja Lewisville nilihamishiwa yadi ya kampuni hiyo mjini Mansfield, chini ya meneja wa mauzo, mzungu ambaye sikumwona akisoma stika hata mara moja. Alinithamini kwa jambo moja: Wakongo wanaofanya kazi maghalani walipokuja kununua, mimi ndiye niliyezungumza nao kwa Kiswahili.

Baba Furaha alikuja 2019 na mkewe na watoto wanne wakubwa. Mdogo wake alikuwa anaoa Houston, na hakutaka familia igawanywe kwenye nyumba za watu. Alichagua trela ya paundi elfu saba. Pikapu yake ilitangazwa kuvuta elfu tisa. Nikafungua mlango: stika ilisema mzigo usizidi paundi 1,450. Pua ya trela ingekula karibu 900. Wao sita wasingepungua 900 nyingine.

"Baba, mna uzito gani, ninyi wote?"

"Batoto yangu si mizigo, ndugu," alicheka.

"Weye peke yako ni gunia mbili," mkewe akasema.

Meneja akaingilia kati. "Anataka kujua nini?"

"Kama gari lake litaweza. Stika inasema..."

"Litavuta au halitavuta?"

"Litavuta, lakini..."

"Basi mfasirie hilo."

Nikafasiri. Litavuta. Nikaishia hapo, kwa sababu kibali changu cha kuishi kilitegemea kazi ile, na kwa sababu nilikuwa mwoga.

Njiani kuelekea Houston lori kubwa liliwapita, upepo wake ukaipiga trela, ikayumba hadi ikailaza pikapu ubavuni. Watoto walitoka na michubuko. Mama Furaha, aliyepata riziki kwa kuwanyanyua wagonjwa vitandani, alivunjika nyonga.

Nilimkuta Baba Furaha kwenye korido ya hospitali.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Yule muzungu sikumusikia," alisema polepole. "Nilisikia weye."

Niliacha kazi kesho yake, nikiwa na miaka ishirini na sita. Meneja bado yupo, na hasira yangu kwake haijapungua, ila yeye hajui Kiswahili. Maneno yale yalitoka kinywani mwangu. Kwa hiyo mkienda kununua, fungueni mlango wenyewe, msome. Mtu wa kwenu akiwatabasamia yadini kwa lugha yenu, msomeeni na yeye stika hiyo kwa sauti.