Ngozi Mbele ya Rejeta

Siku ile ilianza kwa kuchambua pamba. Tulikaa uani, mimi na mawifi zangu, tukitenga nyeupe na yenye madoa, maana tangu serikali iwaruhusu wanunuzi binafsi, kila mmoja alikuja na mizani yake na kila mmoja alitaka pamba safi kuliko ya mwenzake. Mume wangu, Masanja, alikuwa dereva wa mmoja wao, tajiri wa Nyashimo, na Landrova ya tajiri ililala kwetu msimu mzima. Nilijidai nayo sana. Binti wa kijiji cha Sola, nimeolewa huko mbele ya Ngulyati, nikawa nakwenda mnadani kwa gari wakati wenzangu wanapiga mguu.

Gari lenyewe lilikuwa limevaa ngozi. Wezi wa ng'ombe wa miaka ile hawakuja tena na marungu. Walikuja wengi, na bunduki, wakachoma nyumba na kuua, nasi tuliita vita kwa sababu ilikuwa vita. Kijiji cha jirani lori lilipigwa risasi ya rejeta, pale maji ya kupoza injini yanapokaa, maji yakamwagika, likazimika, na waliokuwamo wakauawa hapo hapo. Baba mkwe aliposikia habari hiyo alichinja dume, akaifunga ngozi mbichi mbele ya gari kwa kamba za katani, manyoya nje, kisha akaipulizia maji kwa kinywa kuibariki. Ikakaukia pale, ngumu kama ubao. Kwetu kilichofungwa na baba kwa baraka hakifunguliwi na mwana. Watu walilicheka gari lililogeuka ng'ombe, Masanja naye akacheka nao. Tangu siku hiyo lilikuwa likitoka alfajiri tu, safari fupi wakati wa ubaridi.

Jua likikaribia utosi tukasikia mwano. Huo ni ukelele wa hatari. Ukipigwa, kila mwanamume hushika silaha aliyonayo na kukimbilia unakotoka. Lugola, mdogo wake Masanja, aliacha ugali akachukua upinde.

"Shemeji, nibakizie nyama," alinitania akipita.

Kisha bunduki zikaanza.

Walimrudisha juu ya kitanda cha kamba. Risasi ilikuwa imepita pajani. Alikuwa anaongea.

"Twende Bariadi, hospitali," Masanja alisema. Tulimlaza nyuma ya gari juu ya pamba, mimi nikakandamiza jeraha kwa kanga, baba mkwe akakaa kichwani pa mwanawe na upinde wake. Nilibeba dumu moja la maji ya kunywa.

Hatukwenda mbali, mvuke ukatoka chini ya boneti. Masanja alisimama, akaliacha gari lipumue, akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa na kuongeza maji. Tukaondoka. Likachemka tena.

Akatazama mkanda wa feni, ulikuwa umekaza. Akainama uvunguni kutafuta tone linalovuja, hakuliona. Akagusa mpira wa maji wa juu, kisha wa chini, yote miwili ilimuunguza.

"Maji yanazunguka," alisema, kama anayemlaumu mtu.

"Shemeji, maji," Lugola alisema.

Nilimpa funda. Dumu likarudi kwenye gari.

Bunduki ikalia nyuma yetu, upande wa mto.

Tuliposimama tena Masanja hakuzima injini. Alichukua pamba kidogo miguuni pa mdogo wake, akaenda mbele, akaiweka kwenye ngozi. Kama feni ingekuwa inavuta hewa, pamba ingenata. Ilianguka vumbini. Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka.

Niliona kwamba amejua. Niliona pia kwamba hawezi kusema. Na mimi mkwe, ambaye hata jina la mzee yule silitamki, ningesema nini? Saa ile niliichukia heshima yetu, nasema wazi.

"Baba," Masanja alisema, macho chini. "Gari linakosa hewa."

Mzee alishuka, akaitazama ile pamba vumbini, akatoa kisu. Alikata kamba moja baada ya nyingine huku akiwanong'oneza wazee wake waliokufa, akaipandisha ngozi nyuma ya gari. Masanja akamimina rejetani maji yote yaliyobaki. Lugola aliyafuata kwa macho.

Baada ya hapo gari halikuchemka tena, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lilikwenda vizuri kabisa, upepo ukipita, mpaka Bariadi. Lugola aliacha kuongea kabla hatujayaona mabati ya mjini.

Daktari alisema damu ilikuwa imekwisha.

Nyumbani mzee aliiloweka ngozi ile mpaka ikalainika, akamviringishia mwanawe, kama walivyozikwa watu wakubwa wa zamani. Lugola alikuwa Mkatoliki na katekista alikuwapo kaburini. Aliiona, akaendelea na sala.

Watu walipotawanyika mzee alimwambia Masanja, "Mimi nilikuwa nazuia risasi. Upepo sikuufikiria."

"Hata mimi, baba," Masanja alijibu.

Ng'ombe wachache walirudi, wengi hawakurudi, na wezi walipungua mwaka hadi mwaka mpaka watoto wetu wakawa wanasikia mwano kwenye hadithi tu. Mzee aliishi miaka mingi. Kila Masanja alipowasha gari, alitoka na fimbo yake, akasimama mbele, akaweka kiganja kwenye rejeta na kungoja upepo upite kati ya vidole.

"Haya, nendeni," alisema, akasogea kando.

Mimi nilikuwa nimeshapanda na madumu mawili ya maji: moja la gari, moja la watu.