Nilimwambia Mke Wangu Haruhusiwi Kwenda Kumuuguza Mama Yake

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Nilimdanganya mke wangu, na kwa uongo ule mama yake amekufa akimngoja. Jina langu nalificha kwa aibu.

Mimi ni Mnyambo, mkulima wa kahawa na migomba huku Kyerwa. Mke wangu ana asili ya Rwanda. Wazazi wake walihamia Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Murongo, yeye akabaki kwangu. Tulipomwombea uraia, afisa wa uhamiaji alituonya: maombi yakiwa bado yanasubiri majibu, asitoke nchini bila ruhusa.

Basi mama mkwe akaugua. Wanawake wa kanisani kwetu walimcheka mke wangu: "Wewe nawe! Sisi kila gulio tunavuka na ndizi zetu, nani anatuuliza?"

Hakukubali. Aliogopa kuharibu maombi yake. Akaniambia, "Baba Koku, niendee wewe ofisini. Mimi nikifungua mdomo tu, lafudhi yangu inawafanya waniulize mengine. Wewe ni mwenyeji, watakusikiliza. Waulize kama mtu anayesubiri anaweza kuruhusiwa kwenda kumwona mgonjwa."

Nikaenda mjini. Ee Mungu wangu, mjini nilifika lakini ofisini sikukanyaga! Kahawa ilikuwa imeiva, vibarua hawapatikani. Nikawaza, huyu akienda nani atachuma, nani atapika? Nikakaa kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, na jamaa zangu mpaka jua likapoa. Nyumbani nikamwambia, "Wamekataa. Anayesubiri haruhusiwi."

Aliniamini. Alichuma kahawa yangu huku analia, nami nikajifanya sioni.

Mama mkwe akafa, akazikwa bila yeye. Shemeji alipiga simu akasema mama aliuliza mpaka mwisho, "Binti yangu hajafika?"

Baadaye tuliitwa wote wawili kwenye mahojiano. Mke wangu akaeleza kwa unyenyekevu kwamba alitii agizo, hata kwenye msiba wa mama yake hakwenda. Afisa akashangaa.

"Pole sana, mama. Lakini mbona hukuja kuomba? Kusubiri si kifungo! Mwenye mgonjwa au msiba anakuja hapa, tunamsikiliza, tunampa kibali cha kwenda na kurudi."

Mke wangu akanigeukia. Laiti angenitukana!

Palepale akaomba kibali cha kwenda kuliona kaburi, na akakipata. Nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki hadi mpakani. Akashuka, akaenda bila kuaga.

Kibali kimeshapita muda wake na hajarudi. Maombi tuliyoyahangaikia sijui kama bado yapo. Nimempigia nikamsihi arudi kabla hayajafutwa. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio unaoniua: "Niliutaka uraia ili nikae na wewe. Sasa niutakie nini?"

Ndugu yangu uliyeoa, ukitumwa swali ofisini, nenda kaulize, na urudi na jibu lilelile ulilopewa hata kama halikufai. Usijifanye wewe ndiye serikali ndani ya nyumba yako! Mimi nilijifanya.

Koku wetu ananiuliza kila siku mama atarudi lini. Nikitaka kumwambia atarudi, ulimi unagoma, maana nitakuwa nimemdanganya na yeye.