Frigo ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya sindano ilitaka baridi mwaka mzima. Ndiyo maana nilipoolewa Kamina, katika miaka ile ya tisini, nilikabidhiwa vitu viwili siku moja: mume, ambaye alikuwa mwalimu, na frigo ya mafuta ya taa. Mume hakunisumbua sana.

Frigo yenyewe ilinifika kifuani, nyeupe mbele, nyeusi nyuma kama kitako cha sufuria. Chini yake ilikaa taa, na moto wa taa hiyo ndio uliosemekana kuleta baridi. Mimi niliyemaliza shule nilikataa waziwazi kuamini. Siku moja baba mkwe, fundi wa injini za treni aliyestaafu, alinisikia nikibishana na mume wangu jikoni, akajibu kutoka chumbani kwake, nyuma ya pazia:

"Mutoto, ambia mama yako: frigo haiko naleta baridi. Iko naondosha moto mu tumbo yake, natupa ku mugongo. Aguse kule nyuma, ataona."

Mtoto aliyetumwa alikuwa na miezi minne. Lakini ndivyo buko ya Waluba inavyotaka: baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani ana kwa ana. Vijana wa mjini wengi walikuwa wameiacha, na mume wangu aliiita mambo ya kale. Mzee aliishika, nami niliishika kwa sababu nilimpenda mzee. Yeye, kwa ukubwa wake, aliweza kunipa maneno kupitia kwa mtoto, ukuta, hata frigo. Majibu yangu yalipitia kwa mume tu. Nikagusa mgongo wa frigo. Ulikuwa na joto kweli, na tangu siku hiyo nikawa naanika nepi pale.

Kutoka nyuma ya pazia lile nilifundishwa mwaka wote wa frigo. Kiangazi, asubuhi za Kamina zikiwa na baridi kali, nishushe utambi, maana dawa ikiganda imeharibika. Vumbi na masizi ya majani yanayochomwa porini niyapanguse mgongoni kwake kwa brashi. Jua la Oktoba likiwaka nipandishe moto, ila ubaki wa buluu. Ukigeuka njano, bomba la moshi limejaa masizi, nilisugue. Wakati wa mvua mafuta huuzwa yamechanganyika na maji, basi niyaache yatulie kwenye chupa kwanza. Na kila mwezi niweke sahani ya maji juu ya frigo, nione kama maji yamelala sawa.

"Ikisimama upande," mzee aliuambia ukuta, "damu yake haiko natembea."

Nilijivuna, nakiri. Kuna siku nilimsikia akimwambia mgeni: "Moto ya muke ya mutoto wangu haiko nazimika hata siku moja." Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima, hata sokoni.

Kisha vita vikafika kwetu. Mume wangu alikuwa amekwenda Luena kwenye kilio cha mjomba wake, safari ya siku tatu. Treni zikasimama, na yeye akabaki huko. Majirani walibeba vyungu na watoto wakahamia mashambani kwao. Mzee alikuwa na kidonda mguuni, hakuweza kutembea mbali, kwa hiyo mimi na mwanangu hatukwenda popote. Dawa ilibaki chupa tatu. Hakuna aliyejua treni ya kuleta nyingine ingepita lini, na bila dawa ile mzee hakuwa na siku nyingi.

Ilikuwa mvua. Maji yalipenya chini ya ukuta wa jiko, sakafu ya udongo ikalegea, na mguu mmoja wa frigo ukazama. Niliona. Maji ya sahani yalikimbilia pembeni mbele ya macho yangu. Nilijaribu kuingiza kibao chini ya mguu ule kwa kuugonga na mchi, lakini peke yangu sikuweza kuinua. Baridi ikaanza kupungua, kidogo leo, kidogo kesho.

Ningemwambia nani? Kinywa changu kilikuwa Luena. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba niliona haya, baada ya sifa zile. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha nilikuwa mimi. Kila asubuhi nilitia mkono ndani kutoa maji ya mzee ya kunywa, nikajiambia labda kesho. Wiki mbili zikapita hivyo.

Asubuhi moja nikafungua mlango na mle ndani mlikuwa vuguvugu kama kabati la nguo. Nikazunguka nyuma. Moto ulikuwa wa buluu, mzuri, lakini mgongo wa frigo ulikuwa baridi. Nililia nimekaa sakafuni. Halafu nikamchukua mwanangu, nikasimama naye mbele ya pazia, na kwa mara ya kwanza nikafanya ujeuri ule.

"Mutoto, ambia babu yako: frigo imekufa."

Kisha pazia likasogea. Nikaugeukia ukuta.

"Mutoto, ambia mama yako azime taa, aitoe. Dawa aifunge muzuri, aiweke mu mutungi ya maji, mu kivuli." Nikasikia fimbo yake ikija. "Inafaa tuigeuze, kichwa chini, miguu juu, damu yake itembee tena. Inafaa bantu wawili."

Nikapiga hesabu ya majirani. Hapakuwa na hata mmoja.

"Kosa ya buko tutaifuta na kuku kisha," akasema. "Kamata."

Nikakumbatia frigo upande wangu, naye upande wake. Tukainua. Nilikuwa nimefumba macho, kwa adabu.

"Fungula macho, mama! Utaniangushia frigo ku mugulu!"

Nikafungua. Uso wake ulikuwa hapo, shubiri moja kutoka wangu. Miaka mitatu nilikuwa nimempikia na kumfulia, na sikujua kwamba macho ya mwanangu yalikuwa yake. Tukailaza frigo juu ya godoro, tukapumua, tukaisimamisha kichwa chini. Tumboni mwake mkasikika maji yakigugumia. Mzee akatabasamu.

Alasiri tuliirudisha juu ya mbao mbili na sahani ya maji ikalala sawa. Tukaiacha itulie mpaka kesho yake, ndipo nikawasha taa. Siku hiyo nilikwenda kuigusa frigo mgongoni mara nyingi kuliko nilivyomgusa mwanangu. Jioni ukapata joto. Asubuhi iliyofuata kikombe cha maji nilichokiacha ndani kiliniuma vidole, na nikazirudisha chupa zile tatu mahali pake.

Nikampelekea mzee kikombe kile mwenyewe. Akanywa polepole, akafumba macho kwa baridi.

"Ilianza siku gani?" akauliza, akinitazama.

Ningeweza kudanganya. "Juma mbili, baba. Nilisikia haya."

Akanirudishia kikombe.

"Miye pia nilijua," akasema. "Kila siku maji ulikuwa unaniletea, inakuya moto kidogo kupita ya jana. Nilisema: nikiongea, muke ya mutoto wangu atasikia haya."

Nikakaa chini. Wiki mbili nzima alikuwa amekunywa maji ya vuguvugu nyuma ya pazia na kunishukuru kupitia ukutani, huku dawa yake ikikaribia kuharibika. Adabu yetu ilikuwa imekaribia kumuua, na kila mmoja wetu aliichunga kwa ajili ya mwenzake. Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka mpaka mtoto akaamka.